Allegheny ilimezwa na Pittsburgh: je, shamba la Ngaramtoni litapona?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijiji cha jirani na Ngaramtoni. Kijana wangu wa pili anasoma Marekani, katika jiji la Pittsburgh, na amepanga chumba upande wa kaskazini wa mto. Juzi alinipigia simu akaniambia kwamba eneo analoishi zamani lilikuwa mji kamili ulioitwa Allegheny, wenye meya wake na soko lake, na kwamba mwaka 1907 Pittsburgh iliuchukua kwa nguvu ingawa wananchi waliukataa muungano kwa kura, wakaenda mpaka mahakama ya mwisho ya nchi wakashindwa, kisha mji wao ukabomolewa. Sikulala vizuri usiku ule. Hapa kwetu maneno ni mengi, kwenye daladala na sokoni, kwamba Jiji la Arusha litatufikia na vijiji vyetu vitageuzwa mitaa. Tuna ekari mbili na robo za migomba na kahawa tulizoachiwa na marehemu baba mkwe, na tunayo hati ya kimila iliyotolewa na kijiji. Naomba unieleze: habari ya mji huo ni ya kweli? Na jambo hilo likitokea kwetu, hati yangu itakufa na sisi tutaondolewa?"*

Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona ndani yake hofu tatu zilizofungwa katika furushi moja: hofu ya mji kupoteza jina na mamlaka yake, hofu ya kura ya watu kupuuzwa, na hofu ya familia kupoteza shamba. Nitazifungua moja moja, kwa sababu sheria na historia hazizitendei sawa. Kijana wako hakukudanganya. Kila alichokisema kilitokea, isipokuwa lile neno "kisha" katika "kisha mji wao ukabomolewa" limeficha zaidi ya nusu karne. Kati ya kuunganishwa kwa Allegheny na kubomolewa kwa kitovu chake ilipita karibu miaka 60, na katika miaka hiyo ndimo lilimo somo linalokuhusu.

Allegheny haikuwa kijiji kilichosimama pembeni ya jiji kikisubiri kumezwa. Baada ya vita vya uhuru vya Marekani, serikali ya jimbo la Pennsylvania ilikuwa na deni kubwa kwa askari wake, ikatenga ekari 3,000 ng'ambo ya Mto Allegheny, mkabala na Pittsburgh, ili ardhi hiyo iuzwe na deni lilipwe. Mwaka 1788 mji ulipimwa hapo: viwanja vya makazi na biashara katikati, uwanja wa soko na majengo ya umma katika kitovu, na kuuzunguka mji wote zikaachwa ekari 100 za malisho ya pamoja, ambako kila mwenye kiwanja aliruhusiwa kuchunga ng'ombe wake. Naomba uyaweke akilini malisho hayo, kwa maana nitayarudia. Mwaka 1828 Allegheny ilipata hadhi ya mji mdogo, na mwaka 1840 ikawa jiji. Familia ya Andrew Carnegie, ambaye baadaye alitajirika kwa chuma cha pua, ilifikia hapo ilipohama kutoka Scotland mwaka 1848. Heinz, mtengenezaji maarufu wa achari na mchuzi wa nyanya, alikuwa na kiwanda chake hapo. Kituo cha Allegheny cha kutazama nyota kilianza mwaka 1869 kuyauzia makampuni ya reli saa sahihi kwa njia ya telegrafu, yaani simu ya waya, hata treni nyingi zikawa zinakwenda kwa saa iliyopimwa Allegheny. Sensa ya mwaka 1900 iliwahesabu watu 129,896 katika mji huo, wakati Pittsburgh yenyewe ilikuwa na watu 321,616. Huo ulikuwa mji hasa, tena wenye fahari yake.

Haki inanitaka niongeze jambo ambalo wakazi wake hawakupenda kulikumbuka wakati wa ugomvi. Mwaka 1867 Allegheny nayo iliumeza mji mdogo wa jirani ulioitwa Manchester. Miji inayokua husogea na kugusana, na kila mmoja huona kusogea kwake ni maendeleo na kwa mwenzake ni uvamizi.

Kwa nini Pittsburgh iliitaka? Wakubwa wa viwanda na wanasiasa wake walitaka jiji lao lipande katika orodha ya majiji makubwa ya nchi, na njia ya haraka ilikuwa kuwahesabu majirani. Zilikuwepo pia sababu za msingi zaidi. Mito, moshi wa viwanda, maji machafu na magonjwa havikujua mpaka, na ilikuwa vigumu kupanga mabomba na madaraja kwa halmashauri mbili zinazotazamana kwa mashaka. Homa ya matumbo iliwaua watu wengi katika eneo hilo kuliko karibu miji yote mikubwa ya Marekani, kwa sababu wakazi walikunywa maji ya mito ileile iliyopokea uchafu wao. Allegheny kwa upande wake ilikuwa na hoja nzito ya mfukoni. Wananchi walisema kwamba walikwisha kujijengea barabara, bustani, jengo la halmashauri na huduma zao kwa kodi zao, na sasa wangetozwa tena kulipia ujenzi ambao Pittsburgh ilikuwa bado haijaufanya.

Sasa tuje kwenye kura, ambayo naona ndiyo iliyokuchoma zaidi. Majaribio ya awali ya kuiunganisha miji hiyo yalikwama. Ndipo bunge la jimbo la Pennsylvania, katika kikao maalumu mwanzoni mwa mwaka 1906, likapitisha sheria iliyobadilisha namna ya kuhesabu: kura za miji yote miwili zingetiwa katika kapu moja, na wingi wa jumla ndio ungeamua. Tarehe 12 Juni 1906 watu walipiga kura. Huko Allegheny waliokataa walikaribia kuwa mara mbili ya waliokubali. Huko Pittsburgh waliokubali walikuwa wengi kupita kiasi, na kwa kuwa jiji hilo lilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya jirani yake, matokeo yalijulikana tangu siku sheria ilipotiwa saini. Kwa hiyo hapakuwa na nguvu ya bunduki wala wizi wa masanduku ya kura. Nguvu ilikuwa katika kanuni ya kuhesabu, nayo iliandikwa na watu wasioishi Allegheny. Mimi binafsi naiona kanuni ile kuwa ya dhuluma, hata kama muungano wenyewe ulikuwa na faida, kwa kuwa kumwuliza mtu maoni yake kwa njia ambayo jibu lake haliwezi kubadilisha chochote ni kumdhihaki.

Wakazi wa Allegheny walikwenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 18 Novemba 1907 hukumu ilitolewa, ikiandikwa na Jaji William Moody, na wakashindwa. Muungano ukaanza kutumika tarehe 7 Desemba mwaka huohuo, hata wiki tatu hazijatimia. Mahakama ilisema, kwa maneno yangu, kwamba mji ni chombo cha jimbo, umeundwa na jimbo ili ulifanyie kazi zake karibu na wananchi. Aliyeuunda anaweza kuupanua, kuupunguza, kuuunganisha na mwingine au kuufuta, wakazi wakubali au wakatae, na wakazi hawana mkataba na mji wao unaowahakikishia kwamba watatozwa kodi kwa matumizi ya mji huo pekee. Fundisho hilo halijafutwa hadi leo, lakini limewekewa uzio. Mwaka 1960 mahakama hiyohiyo ilikataa mpaka mpya wa mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, uliochorwa kwa kukunjakunja ili kuwatoa nje karibu wapiga kura wote weusi. Majaji walisema kwamba mamlaka ya kuchora mipaka, hata yawe mapana namna gani, hayawezi kutumiwa kumnyang'anya raia haki anayolindiwa na katiba.

Ukiyatazama maamuzi hayo mawili kwa pamoja utaona mstari ambao ningependa uushike kuliko kitu kingine chochote katika jibu hili. Sheria ililinda haki ya mtu, haikulinda uhai wa mji. Mwenye nyumba Allegheny alibaki na nyumba yake siku ya muungano na siku iliyofuata. Hakuna aliyeondolewa kwa sababu ya mpaka kufutwa. Kilichofutwa ni halmashauri, meya, na uwezo wa watu wa ng'ambo ile kuamua mambo yao katika ukumbi wao.

Yaliyofuata yalikuwa mchanganyiko, na sitaki kukupa picha ya upande mmoja. Mtambo wa Pittsburgh wa kuchuja maji ulianza kazi mwaka 1908, na vifo vya homa ya matumbo vikashuka sana. Upande wa kaskazini uliunganishwa na maji hayo miaka kadhaa baadaye, na ingawa kuchelewa huko kuliwaudhi watu, maji yalifika. Barabara nyingi zilibadilishwa majina kwa sababu kila mji ulikuwa na majina yaleyale, na barua zingepotea. Jengo la halmashauri ya Allegheny, lililokosa halmashauri ya kukaa ndani yake, lilivunjwa, na mwaka 1939 mahali pake pakafunguliwa jumba la kuonyesha nyota na sayari. Kisha katika miaka ya 1960 mpango wa kuufanya upya mji ulifika kwenye kitovu chenyewe: soko kubwa la matofali lililojengwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe likabomolewa pamoja na mamia ya majengo ya jirani, njia panda za zamani zikazibwa, na pakasimama jumba moja la maduka lililozungukwa na barabara ya mzunguko. Jumba hilo halikudumu na wateja wake, na baadaye liligeuzwa ofisi.

Je, soko lile lingesalimika kama Allegheny ingekuwa na halmashauri yake? Siwezi kuapa. Miji mingi ya Marekani iliyokuwa na mameya wake ilijibomolea vitovu katika miaka hiyohiyo, kwa imani ileile ya kwamba maduka makubwa na barabara pana vingerudisha wanunuzi. Tofauti ninayoiona ni kwamba mwaka 1965 hapakuwa tena na ukumbi ambamo diwani angesimama na kusema, "Hili ni soko letu kuu." Kwa mpangaji aliyeketi ng'ambo ya mto lilikuwa soko kuukuu katika kata mojawapo.

Watu wengine walimezwa kwa namna tofauti. Brooklyn, mji mkubwa kuliko Allegheny mara nyingi, ulijiunga na New York mwaka 1898 baada ya kura ya mwaka 1894 ambamo wakazi wake walikubali kwa tofauti ya kura 277 tu. Ulibaki na jina lake na uongozi wake wa eneo ndani ya jiji kubwa, na mpaka leo mtu wa huko husema anatoka Brooklyn kabla hajasema New York. Kando ya Boston, mji wa Brookline ulikataa kujiunga mwaka 1873, kukataa kwake kukaheshimiwa kwa sababu sheria ilitaka kila mji ukubali peke yake, na umezungukwa na Boston karibu pande zote hadi sasa ukiwa mji kamili. Kwa hiyo yaliyoikuta Allegheny hayakuwa lazima. Yalitokana na sheria moja ya mwaka mmoja.

Sisi wa kaskazini tunayo mifano yetu ya miji kuhama na kumezana, hata kama hatuisimulii mara nyingi. Mtu anayeteremka kwenye stendi ya Moshi leo amesimama mahali palipopata jina hilo kwa kuazima. Moshi ya kwanza iko juu mlimani, kwa Mangi Rindi na mwanawe Meli, ambako Wajerumani waliweka boma lao na ambako walimnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, utawala na biashara viliteremka kuifuata, jina likateremka navyo, na mahali asilia pakabaki kuitwa Old Moshi. Hapa Arusha, Ngarenaro ina jina la Kimaasai lenye maana ya maji meusi. Moshono, Olasiti na Terrat, ambazo wazee wetu walizijua kama vijiji vya Arumeru, leo ni kata za Jiji. Nenda ukawaulize wakazi wa zamani wa huko. Hawakufukuzwa siku mpaka uliposogea. Mashamba mengi yalikatwa vipande na kuuzwa, na mara nyingi waliouza walikuwa wenyewe, wakishawishiwa na bei, au wakigawana urithi, au wakiogopa uvumi kama huu uliokunyima usingizi.

Naomba nikazie hapo. Hatari ya kwanza kwa ekari zako mbili na robo katika miaka ijayo ni mtu atakayekuja na fedha taslimu na kukuambia, "Mama, uza sasa, jiji likija utakosa vyote." Maneno hayo hayana msingi wa kisheria, na anayeyasema anajua kwamba bei ya ardhi hupanda mpaka unapokaribia.

Sheria yetu inasemaje kuhusu mipaka? Tanzania haina utaratibu wa kura ya wananchi wa kuamua kama kijiji kiingie jijini. Mamlaka za miji na za wilaya zimeundwa na sheria mbili za mwaka 1982, na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ndiye mwenye uwezo wa kuanzisha na kubadilisha maeneo yao kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Mapendekezo hupitishwa katika vikao vya kijiji, kata, halmashauri, wilaya na mkoa kabla ya kufika kwake, na vikao hivyo ndipo sauti yenu inapoandikwa. Kwa maana hiyo tuko karibu na lile fundisho la Jaji Moody kuliko tulivyo karibu na Brookline. Ni afadhali uujue ukweli huo mapema ili nguvu zako zisiishie kudai kura isiyokuwepo, ukausahau mkutano mkuu wa kijiji ambao upo na unaitishwa.

Kuhusu shamba, hali ni tofauti kabisa, na hapa nina habari njema yenye uzito. Mwaka 1992 ilitungwa sheria iliyokusudia kufuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Baba na mwana kutoka Mbulumbulu, upande wa Karatu, waliipinga mahakamani hapahapa Arusha, na shauri likafika Mahakama ya Rufani. Mwaka 1994, katika hukumu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali inayojulikana kwa jina la Lohay Akonaay, mahakama ilisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali hiyo bila fidia ya haki. Sheria za ardhi za mwaka 1999, ile Namba 4 ya Ardhi na ile Namba 5 ya Ardhi ya Vijiji, ziliandikwa katika kivuli cha hukumu hiyo. Zinatambua hakimiliki ya kimila kuwa na hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa, na zinadai fidia kamili, ya haki na ya haraka pale ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma.

Kwa hiyo hati yako haifi kwa sababu kijiji kimekuwa mtaa. Lakini mazingira yanayoizunguka hubadilika, na hilo lazima nikueleze bila kulipamba. Leo ardhi yenu iko katika kundi la ardhi ya kijiji, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, inayowajibika kwa mkutano mkuu. Halmashauri ya kijiji kilichoandikishwa ni chombo kamili cha kisheria, inaweza kushtaki na kushtakiwa. Eneo likiingia katika mamlaka ya mji, ardhi huhesabiwa kuwa ardhi ya jumla, usimamizi huhamia kwa maofisa ardhi wa jiji na kwa Kamishna wa Ardhi, na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi aliyokuwa nayo kijiji. Baada ya hapo huja mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, unaochora barabara, shule, maeneo ya wazi na viwanja. Hakimiliki ya kimila, ambayo yaweza kuwa ya muda usio na kikomo, hutakiwa kugeuzwa kuwa hati ya kupewa, yenye muda wa miaka 33, 66 au 99 na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka. Hapo katikati, kati ya kijiji kufutwa na upimaji kukamilika, ndipo watu hupoteza haki zao, kwa kuwa ofisi ya zamani imefungwa na ofisi mpya bado haiwajui.

Faida zipo pia. Mji huleta bomba, taa na barabara ya lami mapema kuliko wilaya yenye vijiji vingi, na hati ya kupewa hukubalika kwa urahisi zaidi benki. Gharama ni kodi, masharti ya ujenzi, sheria ndogo za kuzuia mifugo, na kupoteza mkutano mkuu wa kijiji, ambao katika nchi yetu ndicho kikao pekee ambamo mkulima wa kawaida hupiga kura juu ya ardhi. Kwa familia inayotegemea migomba na ng'ombe wawili wa zizini, gharama hizo zaweza kuzidi faida kwa miaka mingi. Kwa wajukuu wako wanaofanya kazi mjini, mizani yaweza kuinama upande wa pili. Sioni jibu moja la kuwafaa wote nyumbani kwako, na ningependa mlizungumze mkiwa pamoja wakati kijana akiwa likizo.

Turudi kwenye yale malisho ya Allegheny. Soko lilivunjwa, jengo la halmashauri likavunjwa, lakini zile ekari 100 za malisho ya mwaka 1788 ziligeuzwa bustani ya umma mwaka 1867, na mpaka leo sehemu yake kubwa ni bustani ambamo watoto hucheza na watu hupumzika chini ya miti. Zilikuwa zimeandikwa kwenye mpango wa kwanza wa mji kuwa ni za wote, na kila mwenye kiwanja alikuwa na haki ndani yake, hivyo jiji jipya lilizipokea zikiwa na mwenyewe anayejulikana. Kijiji chenu bila shaka kina vitu vya namna hiyo: uwanja wa gulio, chemchemi, makaburi, njia ya mifugo, mti wa mikutano. Vikiingia jijini vikiwa vinajulikana kwa mdomo tu, vitaonekana kwenye ramani ya mpangaji kama nafasi tupu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili linahusu mali ya kijiji kama linavyohusu mali ya mtu. Mwombeni mwenyekiti alete suala la mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji kwenye mkutano mkuu, maeneo hayo yatajwe kwa mipaka, na muhtasari utiwe saini na nakala ipelekwe wilayani.

Kwa upande wako wewe na mzee wa nyumbani, fikeni kwanza kwenye masjala ya ardhi ya kijiji mkaangalie kama nakala ya hati yenu ipo na kama namba zinalingana na mliyonayo mkononi, kisha mfike ofisi ya ardhi ya wilaya mkaulize swali hilohilo. Nakala mbili zisizolingana ni tatizo dogo leo na kesi ndefu baadaye. Tazameni hati imeandikwa jina la nani. Ikiwa bado ina jina la marehemu baba mkwe wako, hilo ni la haraka kuliko habari ya jiji: fungueni mirathi mahakamani, msimamizi ateuliwe, na jina libadilishwe wakati watoto wote wa marehemu wakiwa na maelewano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inawakataza watu kumnyima mwanamke haki ya ardhi kwa kisingizio cha mila, kwa hiyo usikubali jina lako liachwe nje kwa sababu tu umeolewa katika ukoo huo.

Zipo hali ambazo jibu la kuandikiwa halitoshi na itakubidi umwone mtu ana kwa ana. Ukiona wapimaji wanapigilia vigingi shambani na hakuna mkutano uliowatambulisha, nenda siku hiyohiyo kwa mtendaji na kwa ofisa ardhi wa wilaya. Ukiletewa karatasi ya uthamini ya kutia saini, usiitie kabla hujaisoma ukiwa na mwanasheria au mthamini aliyesajiliwa ambaye hajatumwa na anayetwaa ardhi. Fidia haihusu thamani ya ardhi peke yake. Mazao, nyumba, usumbufu na usafiri vyote vina nafasi yao katika hesabu, na fidia isiyolipwa ndani ya miezi 6 huongezewa riba. Ukiwa na mgogoro wa mpaka na jirani, baraza la kata laweza kuwasuluhisha, na likishindwa shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Arusha wapo pia wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wasio na uwezo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza, nawe uende na hati halisi pamoja na nakala, ukiiacha nakala na kurudi na hati.

Na kijana wako, mwambie atembee siku moja kutoka chumbani kwake mpaka barabara ya Federal. Ataliona jengo la mawe lenye mnara wa saa, maktaba ambayo Carnegie aliujengea mji wa Allegheny na ambayo Rais Benjamin Harrison aliizindua mwaka 1890. Vitabu vyenyewe vimehamishiwa kwenye jengo jipya barabara hiyohiyo, lakini la zamani bado limesimama. Hatua chache kutoka hapo yanaanza yale malisho.